Kabla Hujaingia Maji ya Kisite: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara Hapa Nairobi

Sisi ni kikundi kidogo cha watu wa Nairobi tunaopenda bahari. Kila baada ya miezi michache tunakusanya wenzetu, wengi wao hawajawahi kutia uso kwenye maji ya chumvi, tunashuka nao Pwani mpaka Shimoni, kisha kwa mashua mpaka miamba ya matumbawe ya Kisite. Maswali yafuatayo hutujia kwa simu na kwa WhatsApp, mengine usiku wa manane. Tumeyaacha jinsi yanavyoulizwa.

Kisite ni wapi hasa?

Kusini kabisa mwa pwani ya Kenya, Kaunti ya Kwale, karibu na mpaka wa Tanzania. Ukifika Shimoni, mbele yako kuna mkondo wa bahari, ng'ambo yake kisiwa cha Wasini, na nyuma ya Wasini ndiko kuna visiwa vidogo: Mpunguti ya Juu, Mpunguti ya Chini, Liwe la Jahazi na Kisite yenyewe. Hakuna hoteli huko wala duka, hakuna choo cha kukimbilia. Unaenda na kila kitu na unarudi na kila kitu.

Kwani lazima nije bwawani kabla ya safari? Mimi nataka bahari, si bwawa la South B.

Lazima. Hili hatulilegezi hata kwa mtu aliyekwisha kulipa nauli, na tutaeleza kwa kirefu kwa sababu ndilo linaloleta manung'uniko mengi.

Safari yetu ya pili tuliwaingiza watu 14 majini kwa mpigo, wote wamevaa jaketi la kuelea, wote wana furaha. Kijana mmoja aliingiwa na maji kwenye mrija wa kupumulia, akashtuka, akafanya anachofanya karibu kila mtu anayeshtuka majini: akatafuta pa kusimama. Pa kusimama palikuwa juu ya tumbawe la matawi, lile linalofanana na pembe za kulungu. Nilikuwa kando yake, uso wangu umo majini, na nilisikia. Ilikuwa sauti ya mtu anayevunja kuni kavu, mara moja, kisha tena alipojaribu kuhamisha mguu. Vipande vikabingirika mpaka kwenye mchanga, na pale vilipokatikia palikuwa peupe kama chaki. Samaki wadogo wa rangi ya samawati waliokuwa wamejificha kati ya matawi walibaki wakizunguka mahali palipokuwa nyumba yao sekunde chache zilizopita.

Kijana hakukosa. Tulikosa sisi. Tulimpeleka mtu mahali ambapo mguu wake ni nyundo bila kumfundisha kuuinua. Nahodha, mzee wa Wasini, hakugomba. Aliuliza tu kama huko kwetu Nairobi hakuna maji ya kujifunzia.

Ndiyo maana sasa kuna Jumamosi mbili za bwawani. Unajifunza kuelea kifudifudi bila kupapatika. Unajifunza kupuliza maji yatoke kwenye mrija kwa pumzi moja ya nguvu. Unajifunza kugeuka chali na kupumzika ukichoka, badala ya kusimama. Halafu mapezi ya mpira: teke litoke kiunoni, polepole, si gotini kama mtu anayeendesha baiskeli, kwa sababu teke la gotini linapiga chini na kutifua mchanga. Mchanga ule ukilala juu ya tumbawe, tumbawe hulazimika kujisafisha kwa utelezi wake lenyewe, na kazi hiyo hulichosha. Asiyeweza kuelea dakika kumi bila kushika ukuta haingii majini Kisite. Anakuja, anakaa kwenye mashua, anafurahia, lakini haingii.

Ni tumbawe moja tu lililovunjika. Si litamea tena?

Tumbawe la matawi likibahatika linaweza kurefuka sentimita kadhaa kwa mwaka. Yale ya duara, yanayofanana na ubongo, hukua sentimita moja hivi kwa mwaka, au chini ya hapo. Kwa hiyo ukiona moja lenye kimo cha meza yako ya kulia chakula, huenda lilianza kabla babu yako hajazaliwa. Kipande kilichovunjika kinaweza kushika tena na kumea kikiangukia mahali pagumu, lakini kikiangukia kwenye mchanga unaotembea, hufa. Na wewe si mgeni peke yako mwaka huu.

Matumbawe ni mawe au ni mimea?

Ni wanyama. Juu ya lile unaloliona kama jiwe kuna viumbe vidogo laini, kila kimoja na mdomo uliozungukwa na vikono, na hivyo ndivyo vinavyojenga jiwe lenyewe chini yao kwa chokaa. Ndani ya miili yao wanaishi mwani wadogo wasioonekana kwa macho, wanaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua na kumgawia mwenyeji wao. Rangi nyingi unazoziona zinatoka kwa mwani hao. Ngozi ya mnyama huyo ni nyembamba sana. Ukiigusa kwa kidole unaikwaruza, na jeraha hilo linaweza kuingiwa na ugonjwa.

Usiguse hata lile linaloonekana limekufa. Mara nyingi halijafa lote.

Mbona tarehe zenu zinafuata mwezi? Kwa nini si kila wikendi ndefu?

Swali hili tunalipenda. Pwani ya Kenya maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 siku za bamvua, yaani siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Na kwa jinsi bahari yetu ilivyo, siku hizo maji huwa yamekupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Sasa fikiria: mashua nyingi hutoka Shimoni baada ya kifungua kinywa na kufika kwenye miamba saa hiyo hiyo. Wageni wanaingia wakati ambapo kati ya tumbo lao na matumbawe kuna maji kidogo sana, na bado mkondo unavuta. Hata mwogeleaji mzuri atagusa.

Sisi tunakwenda siku za maji mafu, katikati ya mwezi mwandamo na mpevu, wakati maji hayapandi sana wala hayashuki sana na mkondo umetulia. Likizo ya taifa ikiangukia bamvua, tunaiacha ipite. Watu hulalamika, tunawaelewa, lakini kalenda ya ukutani si ya bahari.

Halafu kuna misimu. Kaskazi, kuanzia Novemba hivi mpaka Machi, bahari hulala na maji huwa maangavu. Kusi inapoingia, hasa Juni na Julai, mawimbi hukua na maji hupata ukungu. Siku nyingine nahodha hutazama tu upande wa Mpunguti na kusema leo hapana, na pesa zenu zimeshatoka. Bahari haishi zinge. Neno la nahodha ndilo la mwisho, na hatujawahi kumbembeleza.

Mbuga na hifadhi kuna tofauti gani? Ninyi mnataja vyote viwili.

Kisite ni mbuga ya taifa ya baharini, kilomita 28 za mraba, na humo hakuna kuvua kabisa. Mpunguti ni hifadhi, kilomita 11 za mraba, na humo wenyeji wanaruhusiwa uvuvi wa asili kama wa ndoano na madema, yaani mitego ya kufumwa. Zote ziko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Zilitangazwa mwaka 1973, zikatangazwa upya 1978. Malindi na Watamu ndizo zilizotangulia nchini, mwaka 1968.

Kwa hiyo ukiona mvuvi kwenye ngalawa karibu na Mpunguti, usimpige picha ukamrusha mtandaoni ukisema ni jangili. Imewahi kutokea, na iliwaumiza watu wasio na kosa.

Wenyeji wanafaidika, au ni watalii na serikali tu?

Jibu la kweli lina pande mbili. Mipaka ilipochorwa, wavuvi wa Shimoni, Wasini na Mkwiro walipoteza maji waliyokuwa wakivua baba na babu zao. Uchungu huo haujaisha kwa wote, na mgeni anayeshuka mashuani akiwahubiria wazee wa Wasini kuhusu kuhifadhi bahari anawakosea adabu. Salimia kwanza. Shikamoo inatosha kufungua mlango mkubwa.

Upande wa pili, samaki hawajui mpaka. Uchunguzi uliofanywa kandokando ya mbuga ya baharini ya Mombasa ulionyesha wavuvi wa madema wakipata zaidi karibu na mpaka wa mbuga, kwa sababu samaki wanaozaliwa na kunenepa ndani hutoka nje. Na leo familia nyingi za huko zinaishi kwa mashua, mapishi na uongozaji wa wageni. Kina mama wa Wasini wana njia yao ya mbao inayopita kati ya mikoko na mawe ya matumbawe ya kale, na kiingilio chake kinakwenda kijijini. Katika kijiji cha Kibuyuni, kina mama wanalima mwani na kuuza. Wakazi wa Wasini pia wanapanda upya matumbawe na majani ya bahari mahali palipoharibika. Hayo ndiyo tunayotaka pesa yako ifikie, ndiyo maana tunakodi mashua ya mwenyeji na tunakula kwa mwenyeji.

Tunaweza kuruka na kuogelea na pomboo?

Hapana. Pomboo wa Kisite ni wakazi, si wapita njia. Wanalea watoto humo. Mashua tano zikiwafukuza kila asubuhi, wanapoteza muda wa kula na kupumzika, na mama anaweza kutenganishwa na ndama. Nahodha wetu hupunguza mwendo, hukaa ubavuni mwao, hakati mbele yao wala hapiti katikati ya kundi. Wakitaka, wanakuja wenyewe chini ya omo, mbele ya mashua, na unawaona mpaka makovu ya mgongoni. Wasipotaka, tunaondoka. Ukimwahidi nahodha bakshishi ili awakaribie zaidi, tutakuomba ukae chini, na tunasema hivi kwa upendo wote.

Kati ya Julai na Septemba nyangumi wenye nundu nao hupita kutoka bahari za kusini. Kanuni ni ile ile.

Nibebe mkate wa kulisha samaki? Nimeona watu wakifanya hivyo Mombasa.

Usibebe. Kila samaki pale ana kazi. Pono hukwangua mwani unaotaka kulifunika tumbawe, na ukitulia majini utasikia meno yake yakisaga, *kwaru kwaru*. Mchanga mweupe unaoupiga picha, sehemu yake imepitia tumboni mwa pono. Kikande, samaki mwingine, hula fuma, wale viumbe wa duara wenye miiba. Vikande vikivuliwa vikaisha, fuma huongezeka na kuuchimba mwamba mpaka unabomoka. Wanasayansi wameyaona haya kwenye miamba ya Kenya kwa miongo kadhaa. Samaki aliyezoea mkate huacha kazi yake na kuanza kugombania mikono ya watu.

Kombe moja tu, la ukumbusho?

Hapana. Hata tupu. Kaa mkia anasubiri nyumba hiyo, na sheria inakataza kutoa kitu chochote mbugani. Na usinunue makombe na matumbawe yanayouzwa barabarani, maana anayeuza huleta mengine kesho.

Losheni ya jua je? Ngozi yangu huungua.

Baadhi ya kemikali za kukinga jua, hasa oksibenzoni, zimeonekana kwenye majaribio kuwadhuru matumbawe wachanga, na Hawaii na Palau zimezikataza. Wataalamu bado wanabishana juu ya kiasi gani hufika kwenye mwamba wenyewe. Sisi hatusubiri ubishi uishe: vaa fulana ya mikono mirefu na suruali ya kubana, au leso ukiwa mashuani, upake uso tu kwa losheni ya madini ya zinki, nusu saa kabla ya kuingia. Fulana haiyeyuki.

Nimesikia matumbawe yote yameshakufa kwa joto. Kuna cha kuona kweli?

Kipo, na ni kizuri mno. Lakini kuwa tayari kuona makovu.

Maji yakizidi joto la kawaida la msimu wa jua kwa digrii moja hivi, wiki kadhaa mfululizo, tumbawe huwafukuza mwani wake na kubaki jeupe. Hapo bado li hai, lina njaa. Joto likishuka mapema linaweza kuwapokea tena. Likichelewa, hufa, na baada ya wiki chache huota ukoga wa kijani na kahawia. Mwaka 1998, wakati wa El Niño, sehemu nyingi za pwani yetu zilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe hai. Lilikuja jingine 2016. Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia nzima imo kwenye weupe wa nne wa aina hiyo.

Wengine hutuambia: kama joto ndilo linaloua, kuna haja gani ya kuhangaika na mguu wa mtalii mmoja? Tunaona ni kinyume. Tumbawe lililotoka kwenye homa ni kama mgonjwa aliyetoka hospitalini: hapo ndipo asipopaswa kusukumwa. Joto hatuwezi kulizuia kutoka South B. Mguu tunaweza. Machi hadi Mei, maji yanapokuwa ya moto zaidi, tukiambiwa na watu wa Wasini kwamba weupe umeanza mahali fulani, mahali hapo hatuendi mwaka huo.

Mashua zinatia nanga wapi?

Hazitii. Zinafungwa kwenye boya. Nanga moja ikiburutwa inafanya madhara ya miguu mia. Ukiona mashua yoyote inashusha nanga juu ya mwamba, hata yetu, sema kwa sauti. Na wakati maboya yamejaa, tunasubiri zamu. Kundi letu halizidi 12, na majini hawaingii zaidi ya sita kwa kiongozi mmoja. Tungependa siku moja idadi ya mashua kwa kila mwamba iwekewe kikomo na kifuatwe, hata kama itatuchelewesha sisi wenyewe.

Malipo ya kuingia mbugani ni ngapi?

Viwango vya KWS hubadilika, na vinatofautiana kwa raia, mkazi na mgeni, kwa hiyo angalia tovuti yao kabla ya safari. Malipo ni kwa eCitizen, unalipa kwa M-Pesa. Beba kitambulisho. Lipa ukiwa bado na mtandao mzuri, na upige picha ya risiti.

Tunafikaje kutoka Nairobi?

Treni ya asubuhi kutoka Syokimau mpaka Miritini, kisha gari. Siku hizi barabara ya Dongo Kundu inakuepusha na foleni ya feri ya Likoni. Unashika barabara ya Lunga Lunga, unapita Ukunda na Msambweni, unakata kushoto kuelekea Shimoni. Tunalala huko na kutoka asubuhi. Anayetaka kwenda na kurudi siku moja kutoka Diani, aende na wengine. Mtu aliyechoka huogelea vibaya.

Chupa za maji?

Za plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku ndani ya mbuga na hifadhi za Kenya tangu tarehe 5 Juni 2020. Beba chupa yako, tutabeba mtungi wa kujazia. Wasini maji ya kunywa ni machache, usiogee kama uko kwako.

Droni?

Bila kibali, hapana. Ndege wa baharini hupumzika na kutaga kwenye visiwa vile.

Mimi naishi Nairobi na siendi popote. Yananihusu nini?

Mto Nairobi unaopita nyuma ya Gikomba huingia Mto Athi. Athi ukishuka unaitwa Galana, na mwisho wake unaitwa Sabaki, unaomwaga maji yake baharini kaskazini mwa Malindi. Wakati wa kaskazi, mikondo huyasukuma maji hayo ya udongo kuelekea mbuga ya Malindi, na ukisimama pale ufukweni baada ya mvua za bara unaiona bahari ina rangi ya chai ya maziwa. Matumbawe yanataka mwanga, na udongo ni pazia. Kisite iko mbali kusini, imeepuka huo. Malindi haijaepuka. Tukiwa na nafasi baada ya safari, huwa tunajiunga na wanaosafisha kingo za mto huku mjini, na wewe ambaye hutaki kwenda Pwani karibu kwenye hilo.

Mama yangu ana miaka 68, hajui kuogelea na hataki kujifunza. Tumlete?

Mleteni. Tuliwahi kuwa na mama wa umri huo kutoka Kayole. Hakuingia majini hata kidogo. Nahodha alifunga mashua kwenye boya, akampa miwani ya kuogelea, akamwambia ainame ukingoni na kutia uso tu, huku mwanawe akimshika mabega. Akakaa hivyo muda mrefu. Aliinuka maji yakimtiririka shingoni, akavuta pumzi, akainama tena.